Kuenzi si Kunakili: Mchoraji wa Afrika Mashariki na Mabingwa Wake

Utangulizi

Waswahili wana methali mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, huonekana kuvutana. Moja humshauri mtu amfuate nyuki ili ale asali. Nyingine humkumbusha kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake. Mchoraji chipukizi huishi katikati ya methali hizi. Hawezi kujifunza bila ya kuwafuata waliomtangulia, na akiwafuata kupita kiasi hapati kuruka.

Mvutano huo huonekana waziwazi mjini Ruiru, kati ya Nairobi na Thika. Matatu za nambari 145 zinazosafirisha abiria kati ya Ruiru na Nairobi, pamoja na zile za 237 ziendazo Thika, mara nyingi hupambwa kwa sura za watu mashuhuri: Bob Marley, Tupac Shakur, wanasoka wa Ulaya. Kuta za vinyozi nazo huchorwa vichwa vilivyonyolewa kwa mitindo ya wanamuziki na wachezaji wa aina hiyo hiyo. Mkono uliochora ni wa kijana wa mtaani. Sura iliyochorwa ni ya mtu ambaye kijana huyo hajapata kumwona ila pichani. Wapo wanaozitazama kazi hizo wakasema huo ni uigaji mtupu na dalili ya kasumba. Wapo pia wanaozisifu pasipo kueleza thamani yake iko wapi.

Makala haya yanakusudia kueleza uhusiano uliopo kati ya msanii wa uchoraji na mabingwa anaowastahi. Hoja kuu ni kwamba kumstahi bingwa si utumwa wala si uhuru kwa nafsi yake. Linaloamua ni kile ambacho mwenye kustahi anakiongeza. Aidha, makala yanaonyesha kwamba mhakiki wa Kiswahili hana haja ya kuazima kipimo cha jambo hili ugenini, kwani ushairi wa Kiswahili umekuwa nacho tangu kale.

Istilahi: kuhusudu, kuenzi, kuiga na kunakili

Kabla ya kuendelea, inafaa kutofautisha maneno manne. Kuhusudu ni neno lenye pande mbili. Mtu humhusudu mwenzake kwa maana ya kuvutiwa naye mno, na pia humhusudu kwa maana ya kumwonea kijicho. Lugha imezihifadhi hisia hizo mbili katika neno moja, pengine kwa kuwa moyoni nazo hukaa jirani. Kuenzi ni kumtukuza mtu kwa kuitunza kazi yake. Kuiga ni kufanya kama afanyavyo mwingine, na jambo hili si baya peke yake, maana mtoto hujifunza kusema kwa kuiga. Kunakili ni kutoa nakala, yaani kazi ambayo haina kitu ambacho hakikuwamo katika ile ya awali.

Mhakiki anapolaumu mchoro kuwa ni wa kuiga, kwa kawaida anachokilaumu hasa ni kunakili. Kuchanganya maneno haya kumewaponza wasanii wengi, kwani anayejifunza hutiwa katika kapu moja na anayeiba.

Takhmisi kama kipimo

Wanafunzi wa fasihi wamezoea istilahi ya mwingilianomatini kwa maana ya namna matini moja inavyokaa ndani ya nyingine. Hata hivyo, washairi wa pwani walikuwa wakilitenda jambo hili muda mrefu kabla ya istilahi hiyo kubuniwa, nao waliliwekea kanuni. Katika takhmisi, mshairi huchukua beti za mshairi anayemstahi, akatanguliza mishororo mitatu yake mwenyewe mbele ya miwili ya asili, ubeti ukawa wa mishororo mitano. Mfano maarufu ni Takhmisi ya Liyongo, ambamo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, mtunzi wa Al-Inkishafi, aliyapanua maneno yanayonasibishwa na Fumo Liyongo.

Muundo huu una masharti matatu yenye maana kubwa kwa mjadala wa sanaa. Kwanza, maneno ya bingwa hayafichwi. Huachwa yalivyo, na msikilizaji huyatambua. Pili, sehemu ya mwenye kustahi ni kubwa kuliko ya mwenye kustahiwa, kwani mishororo mitatu ni yake na miwili si yake. Tatu, mishororo mipya sharti ifuate kina cha mshororo wa asili inaoutangulia, hivyo nyongeza haiwezi kuwa kiraka kilichobandikwa ovyo. Kwa ufupi, bingwa atambulike, mwanafunzi aongeze, na nyongeza ioane na asili. Masharti haya ndiyo yatakayotumiwa katika sehemu zifuatazo.

Mabingwa nao walikuwa wanafunzi

Ni rahisi kudhani kwamba wachoraji wanaotajwa duniani kote waliibuka bila ya walimu. Historia inasema vingine. Vincent van Gogh, Mholanzi aliyefanya kazi zake nyingi Ufaransa, alizihusudu chapa za mbao za Wajapani. Mwaka 1887, akiwa Paris, alichora kwa rangi za mafuta kazi mbili zilizotokana na chapa za Utagawa Hiroshige: bustani ya miti iliyochanua na daraja lililonyeshewa mvua. Alizidisha ukali wa rangi na kuzizungushia picha hizo pambizo zenye maandishi ya Kijapani. Baadaye, alipokuwa akitibiwa huko Saint-Rémy mwaka 1889 na 1890, alichora takriban picha 20 kutokana na kazi za Jean-François Millet, mchoraji wa maisha ya wakulima. Alikuwa na chapa zisizo na rangi tu, hivyo rangi zote zilikuwa zake. Katika barua kwa ndugu yake alijifananisha na mwanamuziki anayepiga utungo wa mtu mwingine: nota ni za mtunzi, lakini namna ya kuzipiga ni ya mpigaji. Mwanafunzi wa ushairi atayatambua hapo masharti yote matatu ya takhmisi.

Pablo Picasso naye, akiwa amekwisha kuvuka umri wa miaka 75, alijifungia mwaka 1957 na picha moja ya Diego Velázquez iliyochorwa mwaka 1656, ile ya binti mfalme wa Hispania na wajakazi wake. Alitoa mfululizo wa picha 58, ambazo 44 kati yake zinaishughulikia picha hiyo moja kwa moja. Hakuna hata moja inayoweza kudhaniwa kuwa ni ya Velázquez.

Hata hivyo, Picasso huyo huyo anadhihirisha upande wa pili wa suala hili. Mwaka 1907 alizuru makumbusho ya Trocadéro mjini Paris, akakutana na vinyago vya Afrika, na athari yake ikaonekana katika uchoraji wake wa nyuso na viwiliwili. Picha za Velázquez zilimjia zikiwa na jina la Velázquez. Vinyago vilimjia bila ya majina ya wachongaji, kwa kuwa waliovichukua Afrika hawakujali kuyaandika. Sharti la kwanza la takhmisi, la bingwa kutambulika, lilivunjika hata kabla ya mchoraji kushika brashi. Kwa hiyo, kijana wa Ruiru anapolaumiwa kwa kuwaenzi wageni, ni haki ikumbukwe kwamba wageni nao waliwaenzi mababu zake, wakasifiwa kwa kubuni huku wachongaji wakisahaulika.

Paa ya Paa na onyo dhidi ya kunakili

Katika Afrika Mashariki, suala hili lilijadiliwa mapema katika Chuo cha Makerere. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa huko katika miaka ya 1930, aliwahimiza wanafunzi wachore maisha na masimulizi ya kwao, akichelea kwamba wakionyeshwa mno kazi za Ulaya watazinakili. Cecil Todd, aliyemrithi mwishoni mwa miaka ya 1950, alishika njia tofauti: aliona mwanafunzi wa Kiafrika ana haki ya kuijua historia ya sanaa ya dunia nzima kama mwanafunzi mwingine yeyote. Mmoja aliogopa kumezwa, mwingine aliogopa kufungiwa. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli.

Miongoni mwa waliopita mikononi mwa Trowell ni Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932. Kazi yake inayotajwa zaidi iko kwenye barabara ile ile ipitayo Ruiru na Thika, mbele kidogo, mjini Murang'a. Humo, katika kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari, Njau alichora ukutani mwaka 1959 matukio ya maisha ya Yesu, yakiwemo kuzaliwa kwake, karamu ya mwisho na kusulubiwa. Visa hivyo vilikuwa vimechorwa Ulaya kwa mamia ya miaka, na kila mchoraji wa Kikristo huvirithi pamoja na mpangilio wake. Njau aliviacha vitambulike, lakini akaviweka katika ardhi ya Ugikuyu, na Yesu na watu wanaomzunguka wakawa weusi. Kwa waumini waliokuwa wametoka katika miaka ya damu, msalaba uliosimama juu ya vilima vyao wenyewe haukuwa habari ya Yerusalemu peke yake.

Mwaka 1965 Njau na wenzake walianzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi, ambalo baadaye lilihamia Ridgeways, kando ya barabara ya Kiambu. Jina hilo lina utamu wake kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Paa ni mnyama wa jamii ya swala. Paa pia ni kwenda juu. Tena paa ni sehemu ya juu ya nyumba. Wanasarufi wangependelea “kupaa kwa paa”, lakini msanii alichagua mwangwi wa neno linalojirudia, na maana aliyoikusudia ni ya mnyama aliyeinuka na kuruka. Falsafa ya jumba hilo ilifupishwa katika tamko la Njau kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Tamko hili halikatazi kujifunza kwa wengine. Njau mwenyewe alikuwa mwalimu, na jumba lake lilikusanya kazi za watu wengi ili zitazamwe. Linalokatazwa ni kuumba kusikoumba.

Mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya hazina ya Paa ya Paa. Jumba lilifufuliwa, lakini picha zilizoungua hazikurudi. Hasara ya namna hii haimhusu mwenye picha tu. Bingwa ambaye kazi zake hazionekani hawezi kustahiwa, na asiyeweza kustahiwa hawezi kufundisha.

Tingatinga: jina la mtu linapokuwa jina la mtindo

Mfano wa Edward Saidi Tingatinga unafaa kuchunguzwa kwa makini, kwani unapima mpaka wa hoja hii. Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, kusini mwa Tanzania, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968. Alitumia vibao vya mbao iliyoshindiliwa na rangi za kung'aa, za aina inayopakwa baiskeli, akachora wanyama na ndege kwa mistari iliyo wazi. Aliwafundisha jamaa na marafiki wachache. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Kazi yake yote ilidumu miaka minne tu.

Wanafunzi wake walifanya lililo la heshima: waliendeleza kazi na kuliweka jina lake mbele ya majina yao. Mwaka 1990 wachoraji wa mtindo huo waliunda chama cha ushirika chenye jina lake. Leo “tingatinga” ni jina la aina ya picha. Sharti la kwanza la takhmisi limetimizwa kuliko kwa mchoraji mwingine yeyote wa ukanda huu. Sharti la pili ndilo lenye utata. Baadhi ya wafuasi wameongeza mengi, wakaingiza mandhari ya mijini, hospitali, masoko na mashetani. Wengine wamekuwa wakirudia chui na twiga wale wale kwa ajili ya watalii. Katika mtindo mmoja, chini ya jina moja, kuenzi na kunakili vimekaa ubavu kwa ubavu. Mhakiki hana budi kutazama kila picha kwa nafsi yake badala ya kuuhukumu mtindo mzima.

Warembo wa majarida na nguo ya gome

Wasanii hawawahusudu wachoraji peke yao. Huwahusudu pia watu wa mitindo: wanamuziki, wanamitindo, watu ambao vazi lao au mtindo wao wa nywele ni kazi ya sanaa. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, amejipatia sifa kwa kukata picha za warembo kutoka katika majarida ya mitindo na kuzibandika upya pamoja na vipande vya mashine, wanyama na mimea, hata akapatikana mwanamke ambaye jarida lisingethubutu kumchapisha. Mwaka 2019 aliweka sanamu nne za shaba nyeusi za wanawake walioketi katika vishubaka vya mbele vya jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York. Zilirejelea sanamu za kale za wanawake waliochongwa wakibeba paa za majumba au viti vya wafalme. Wanawake wa Mutu hawabebi kitu. Wamevikwa mizunguko inayokumbusha mapambo ya shanga na visahani vya midomo vya Kiafrika, nao wameketi kwa utulivu. Mapokeo yanatambulika, na papo hapo yamepinduliwa.

Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na kusomea sanaa London, hafichi kwamba amejifunza kwa Titian, Goya na Gauguin. Lakini badala ya turubai hutumia lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba itengenezwayo na Waganda, ambayo ufundi wake ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Nguo hiyo ina matundu na mishono, na mchoraji hulazimika kuifuata. Hivyo mpangilio wa Goya unapowekwa juu yake na kujazwa umati wa mikutano ya siasa ya Kenya ya mwaka 2017, gome lenyewe hudai haki yake.

La muhimu zaidi ni kwamba Armitage amewataja hadharani mabingwa wake wa nyumbani. Katika maonyesho yake ya Munich na London mwaka 2020 na 2021 alitenga nafasi ya kazi za waliomtangulia, wakiwemo Elimo Njau, Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Meek Gichugu na Sane Wadu. Sehemu hiyo iliitwa kwa Kiswahili: Mwili, Akili na Roho. Mwaka 2020 alianzisha pia taasisi ya sanaa ya kisasa jijini Nairobi, ambayo mwaka 2022 ilionyesha kazi za Sane Wadu, mzaliwa wa Kiambu aliyeacha ualimu akashika brashi. Watu walipomwita mwendawazimu kwa uamuzi huo, alijipa jina la Kiingereza lenye maana ya mwenye akili timamu.

Kurejea Ruiru

Kwa kipimo cha takhmisi, michoro ya matatu inaweza sasa kutathminiwa kwa haki. Sura ya Bob Marley iliyotolewa pichani bila ya nyongeza ni nakala, hata kama imechorwa kwa ustadi. Lakini mara nyingi sura hiyo huzungukwa na maandishi ya mtaani, rangi zilizochaguliwa kwa ajili ya mwendo na mwanga wa usiku, na umbo la gari lenyewe, ambapo dirisha hukata shavu na mlango hufungua kinywa. Mchoraji hana uso bapa. Ana chuma chenye mikunjo. Anapofaulu kuoanisha sura na chuma hicho, ametimiza sharti la tatu. Sanaa hii iliwahi kukaribia kutoweka, kwani kanuni za uchukuzi zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 zilileta mstari wa njano na kuondoa mapambo, na ikarejea kwa nguvu katikati ya miaka ya 2010.

Tatizo la kijana huyu basi si kwamba anawaenzi watu mashuhuri. Tatizo ni kwamba mabingwa wanaomfikia ni wa upande mmoja. Picha za Van Gogh anaziona kwenye simu yake kila siku. Katarikawe, Mganda aliyeishi na kuchora Nairobi hadi kifo chake mwaka 2018, amekusanywa kwa wingi katika makumbusho ya Frankfurt, Ujerumani, yaliyomwandalia maonyesho makubwa mwaka 2001. Kijana wa Ruiru ni rahisi kwake kumjua Mholanzi wa karne ya 19 kuliko jirani yake wa juzi. Wahenga walionya mtu asiache mbachao kwa msala upitao, lakini mbacha wenyewe ukiwa umefungiwa ghala la mbali, lawama haimwangukii aliyekosa kuutandika.

Hitimisho

Ruiru ina mfano wake wa jambo hili nje ya sanaa. Mwaka 1985 kituo cha utafiti wa kahawa cha mji huo kilitoa mbuni uitwao Ruiru 11. Wataalamu walichavusha kwa mkono mbuni wa Catimor, wenye asili ya ng'ambo na ustahimilivu wa magonjwa, kwa chavua ya mibuni iliyobeba ubora wa aina za Kenya kama SL28. Mbuni uliozaliwa haunakili mzazi yeyote, wala haumkani hata mmoja. Uliitwa kwa jina la mahali ulipozaliwa.

Mchoraji naye hukua hivyo. Wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili katika suala hili si mdogo. Tahakiki za tamthilia na riwaya zimejaa. Tahakiki za uchoraji kwa Kiswahili bado ni chache mno, na mchoraji ambaye hajaandikwa katika lugha ya watu wake huwa vigumu kwao kumstahi. Picha za Murang'a ziko mwendo wa saa chache tu kutoka chuo chochote cha Nairobi, Ruiru au Thika. Anayezitazama na kuzieleza kwa Kiswahili fasaha atakuwa amewapa wachoraji wajao mishororo miwili ya asili. Mitatu iliyobaki wataitunga wenyewe.